Je, kupimwa isotopi katika maji ya Makutupora kunamaanisha kuna mionzi?

Mkazi wa Ipagala
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nimesikia kuwa wataalamu wa maji huchunguza isotopi katika visima vya Makutupora, vinavyotegemewa na jiji letu la Dodoma, na baadhi ya majirani wameingiwa na hofu wakidhani kwamba penye isotopi pana mionzi. Isotopi ni nini hasa, nazo hutofautianaje?

Mwalimu wa Kemia
Ndugu, waondoe hofu majirani, kwani si kila isotopi hutoa mionzi. Kinachoitambulisha elementi ni idadi ya protoni katika kiini cha atomu: penye protoni 8 ni oksijeni, wala si kitu kingine. Nyutroni ndizo zinazoweza kuzidi au kupungua, na atomu za elementi moja zinazopishana kwa idadi ya nyutroni ndizo isotopi. Oksijeni-16 ina nyutroni 8, oksijeni-18 ina 10. Zote mbili ni tulivu, yaani hazitoi mionzi, na zimo katika kila tone tunalokunywa, ingawa oksijeni-18 ni takribani atomu 2 tu katika kila 1,000. Kwa kuwa zina elektroni sawa, tabia zake za kikemia karibu zinalingana. Kinachopishana ni uzito.

Mpima Maji
Uzito huo ndio unaotusaidia sisi tunaoshughulika na visima. Molekuli yenye oksijeni-18 huvukizwa kwa shida kidogo kuliko ile nyepesi, kwa hiyo maji yaliyotuama bwawani yakipigwa na jua hubaki na isotopi nzito kwa uwiano mkubwa zaidi, ilhali maji ya mvua yaliyozama upesi ardhini huhifadhi uwiano wa mvua yenyewe. Tukilinganisha sampuli ya kisima na ya mvua tunatambua maji yaliingiaje chini, jambo lenye thamani kubwa katika mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua. Chupa ya sampuli hujazwa pomoni na kufungwa barabara, maana hata uvukizaji mdogo huharibu kipimo.

Mkazi wa Ipagala
Nashukuru sana. Je, na urani, madini yanayosemwa kuwapo wilayani Bahi, mkoani mwetu?

Mwalimu wa Kemia
Hiyo ni tofauti, kwa sababu isotopi zake zote hutoa mionzi. Urani-238, takribani asilimia 99.3 ya urani ya asili, hupungua hadi nusu kwa miaka bilioni 4.5 hivi, urani-235, asilimia 0.7, kwa miaka milioni 700. Kikemia, hata hivyo, zinafanana, na zikizidi katika maji ya kunywa hudhuru figo kwa namna ileile, hivyo maji ya eneo lenye madini hayo yapimwe kiasi cha urani yote kwa jumla.