Bomba la gesi limepita, mkulima wa Mtwara kabaki na nini?

Wadau, kila tukigusa gesi ya Kusini hakosi mtu wa kusema: "Walilipwa fidia, sasa wanalia nini?" Leo tuianzie hapo.

Anayesema hivyo hajawahi kuwa na mkorosho. Mti ukishashika unakulisha wewe, kisha mwanao. Msimu ukifika unapeleka korosho chama cha msingi, mnada ukipita ada ya shule imepatikana. Mti huo ukikatwa kupisha bomba la kwenda Dar es Salaam unalipwa mara moja, na juu ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi linapopita bomba, hupandi mwingine. Hela inaezeka bati, imeisha. Simwiti mtu mbadhirifu, bei ya bati mnaijua.

Ajira? Wakati wa kutandaza bomba vibarua walipata, kweli. Tangu gesi ianze kusafiri 2015, mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba unataka mafundi wachache tu.

Halafu ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni unaingia halmashauri. Msimbati, penye visima, panapanga foleni ya bajeti na vijiji visivyojua hata harufu ya gesi (nayo gesi asilia haina harufu, lakini mmenielewa). Nasema sheria itaje fungu la kijiji chenye kisima.

Na msinitie kwenye zile vurugu za "gesi haitoki" za 2013, za kupinga bomba. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, na gesi ikatoka.

Jibu: Mkuu, kwenye fidia nakuunga mkono, kwenye fungu hapana. Bomba limekatiza Lindi na Pwani, nao wakidai? Newala nao waseme korosho ni yao peke yao? Tena umewaruka wavuvi. Msimbati watu wanakula bahari, na lawama zote wanapewa wa gesi, wakati hifadhi ya bahari imewawekea masharti tangu 2000, bomba halijaotwa hata ndotoni.

Mleta mada: Kwa wavuvi umenishika, nakubali. Ila korosho ya Newala ina mwenyewe, anaiuza na hela inaingia mfukoni mwake. Kisima cha Msimbati mwenyewe ni nani pale kijijini? Na kama fungu hulitaki, basi tuanze na dogo: kiasi cha ushuru kilichoingia kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nani hapa kwao kimewahi kusomwa?