Re: Friji ya mama imegoma kutoa barafu

Asalaam aleikum, watu wa Mombasa mliotawanyika duniani,

Wajuzi wa friji nisaidieni. Mwaka juzi nilimpelekea mama, hapo Tudor, friji ya milango miwili yenye mashine ya barafu ndani. Niliinunua huku Uingereza. Umeme haukusumbua, volti zinakaribiana na plagi ni ile ile. Mwanzo ilitoa barafu hadi majirani wakawa wanakuja na mabakuli kabla ya futari. Sasa vipande vimekuwa vidogo, vingine vina shimo katikati, na wiki iliyopita vimekatika kabisa. Vya mwisho vilikuwa na harufu. Nyama kwenye friza inaganda vizuri. Fundi amesema mashine imekufa, anataka nimtumie pesa za kununua mpya. Kabla sijatuma, nauliza.

Wa Reading

*

Dada, pole. Mimi ningemnunulia mama vile vibao vya plastiki vya kugandishia maji, nikalala usingizi wangu. Kitu chenye paipu, valvu na filta nyumbani kwa mtu mzima ni kujitafutia simu za usiku.

Wa Doha

*

Mwanangu wa Reading, usitume pesa bado.

Nilitengeneza friji Toronto miaka mingi kabla ya kurudi hapa Nyali, na nakwambia, mara nyingi mashine haina kosa, kosa ni maji. Valvu nyuma ya friji hufunguka sekunde chache tu, maji yanajaza kibao, yanaganda, vipande vinaangushwa, kisha inaanza upya. Mashine haipimi maji yameingia kiasi gani, inahesabu muda. Yakija kwa unyonge, kibao kinajaa nusu, nawe unapata hivyo vipande vidogo na vyenye shimo. Hiyo ndiyo dalili uliyoandika mwenyewe.

Sasa niambie: paipu ya friji imeungwa wapi? Kwenye mfereji wa mji au kwenye tangi la juu ya nyumba? Nauliza kwa sababu maji yakishuka mita 10 ndiyo yanapata nguvu ya baa 1 tu (baa ni kipimo cha msukumo wa maji). Tangi la nyumba ya kawaida liko mita 3 au 4 juu ya friji, yaani hata nusu baa haifiki. Valvu nyingi za friji hutaka kama baa 1.4 kwenda juu. Tena nguvu ikiwa ndogo valvu haijifungi sawasawa, inadondosha matone, yanaganda mdomoni mwa paipu ya kujazia, basi kibao hakipati hata tone.

Kuna mtu hapo nyumbani? Achomoe friji, afunge maji, afungue paipu ya nyuma aielekeze kwenye ndoo, kisha afungue maji tena. Yakitoka kama machozi, hapo pana jibu. Atazame pia wavu mdogo kwenye mdomo wa valvu, mchanga hukaa hapo. Na filta, mlibadilisha lini? Kawaida ni kila miezi 6.

Akiona barafu imeziba paipu ya kujazia, aiyeyushe kwa kitambaa kilichochovywa maji moto. Kisu marufuku! Nimeona friji nzima ikitupwa kwa sababu ya kisu kilichotoboa paipu ya gesi.

Ami wa Nyali

*

Ami, shikamoo. Ndugu yangu ameungama. Maji ya mji yalipoanza kukatika siku tatu nne mfululizo, alihamisha paipu akaiunga kwenye tangi, na tangi analijaza kwa maji ya kisima. Kwenye ndoo yalitoka machozi kweli. Filta haijabadilishwa tangu friji ifike. Ameitoa, anasema ni nzito kama jiwe.

*

Marahaba. Kisima cha kisiwani hicho! Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa na mengine chumvi. Filta ya friji haiondoi chumvi, na chokaa inagandamana kwenye kibao na valvu.

Asafishe hivi: atupe barafu yote, atoe sanduku la barafu aliache lipate joto la chumba, maana plastiki baridi ikikutana na maji moto hupasuka. Siki nyeupe na maji ya vuguvugu, nusu kwa nusu, aiache robo saa kwenye sanduku na kibao, apanguse kwa kitambaa laini, asuuze. Siki isikutane na Jik hata kidogo, moshi wake unaua.

Kisha filta mpya, na pampu ndogo ya kuongeza nguvu kati ya tangi na friji. Tangi lijazwe maji ya mji au ya kununua yasiyo na chumvi. Akiwasha, asubiri siku nzima, na barafu ya mara mbili tatu za kwanza amwage.

Ile harufu, muulize mama ameweka nini kwenye friza.

*

Pweza. Kilo mbili, kwenye sahani, bila kifuniko.

Ami, ahsante sana. Pampu imefungwa Jumamosi na jana vipande vimetoka vizima. Yule fundi hapokei simu tena. Filta mpya ya kwanza nimempa mtu anayesafiri. Mwezi wa nane naja mwenyewe na nyengine, na begi lina nafasi. Anayetaka aniandikie namba iliyochapwa kwenye filta yake ya zamani. Tafadhalini, namba, si picha ya friji.

Wa Reading