Nane Nane ya Mama

Kikundi: WATOTO WA KIHONDA (wazee hawamo 🤫)

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mwajuma 06:12
Assalam alaykum, mmeamkaje. Jamani Nane Nane mwaka huu ni Ijumaa na Mama anatimiza 70. SABINI. Safari hii hatuwaachi yeye na Baba waende Unguja peke yao kama kila mwaka. Tunakwenda wote.

Mwajuma 06:15
Mpango huu hapa. Alhamisi tarehe 7 wa Moro na Dodoma mnashuka na treni, tunakutana Dar, tunapanda boti ya jioni. Ijumaa Mji Mkongwe, usiku Forodhani, keki. Jumapili tunarudi. Mtu mzima 150,000, mtoto 80,000. Mwisho wa kutuma Ijumaa hii. Sikukuu boti zinajaa, msije mkaniambia hamkujua.

Mwajuma 06:16
Kila mtu anitumie picha ya kitambulisho cha NIDA. Bila kitambulisho tiketi ya boti sikati.

Mwajuma 06:40
Sare: wanawake dera za kijani, wanaume kanzu nyeupe. Fundi nishaongea naye.

Mwajuma 08:03
Naona tiki za bluu tu.

Zuhura 08:20
Wa alaykumu salaam Da Mwaju. Wazo zuri. Nipo kwenye daladala, nitasoma vizuri baadaye.

Mwajuma 08:21
Kwenye daladala hela pia zinatumwa.

Mwanaidi 09:47
😂😂

Salum 10:05
[Picha]
Mama 2019, ngazi za Beit al-Ajaib. Tangu jengo liporomoke ile Krismasi ya 2020 wanapigia Ngome Kongwe, ila Mama shingo lazima aipinde upande ule ule.

Zuhura 10:22
Huo mkoba wa nyuzi jamani. Mpaka Unguja kabeba nyuzi!

Salum 10:24
Si anakaa anafuma pale Jaws Corner wakati Baba yuko kwenye bao. Mwaka jana kijana mmoja wa pale kamfunga Baba kete zingali mkononi, hata mtaji hakuuona.

Mwanaidi 10:31
Kaka, mpaka leo hajapoa. Kila alasiri chini ya mwembe anamweleza mwenzake kwamba Wazanzibari wanacheza haraka mno. Mama anamjibu huko huko kwenye matembele yake: "Si haraka, hukuilinda nyumba."

Salum 10:32
😂😂😂 nyumba ipi sasa, ya bao au ya Kihonda

Mwanaidi 10:40
Na ile redio kaifungua tena. Mwezi wa tatu huu iko mezani matumbo nje. Mama keshaifumia kitambaa cha kuifunika, na redio yenyewe haijawahi kupona.

Zuhura 10:41
Kitambaa cha pinki?

Mwanaidi 10:41
Cha pinki. Na tamthilia ya Mturuki ikianza Baba anajifanya anatafuta bisibisi, kumbe anaangalia kuliko Mama. Juzi kaniuliza mimi yule bwana kama kapona.

Mwajuma 10:55
VITAMBULISHO JAMANI.

Salum 10:56
Keki kilo ngapi?

Mwajuma 10:56
Salum, umetuma shilingi ngapi?

Salum 11:30
[Ujumbe huu umefutwa]

Hamisi 13:32
Nimesoma. Nina swali moja. Salio la ile ya 60 liko wapi?

Mwajuma 13:33
Salio lipi?

Hamisi 13:35
La 2015. Tulichanga, tukaambiwa inayobaki itamnunulia Mama cherehani. Mimi kila nikifika Kihonda nawaona Mama na sindano yake ya kufumia. Cherehani sijaiona.

Mwajuma 13:36
Gari la kwenda Kizimkazi alilipa nani Hamisi?

Mwajuma 13:36
Mashua ya kufuata pomboo alilipa nani?

Mwajuma 13:37
Nani alisema "Dada wewe lipa, tukifika Dar nakurudishia"?

Hamisi 13:41
Basi leta hesabu. Na ya ndoo uiandike.

Mwajuma 13:41
Ya ndoo usiiguse. Nakwambia usiiguse.

Salum 13:42
🪣

Zuhura 13:44
Salum, hebu acha.

Mwajuma 13:50
Kila mwaka anayepanga ni mimi. Msiba mimi, harusi mimi, kisomo mimi. Nikikaa kimya hakuna anayekumbuka hata tarehe. Halafu naulizwa salio la miaka kumi iliyopita, na aliyeuliza kiingilio hakumaliza.

Hamisi 13:58
Nilimaliza. Nilimpa Zuhura mkononi.

Zuhura 14:10
Kaka Hamisi mimi nisiingizwe.

Mwanaidi 14:37
Jamani taratibu. Shangazi yumo humu.

Zuhura 14:37
Shangazi Tatu?? Tangu lini?

Salum 14:38
Tangu msiba wa Babu Mdogo. Mimi ndiye nilimwingiza, nikasahau kumtoa.

Zuhura 14:38
Salum!!

Shangazi Tatu 17:50
nimesoma yote. kizimkazi mlikwenda nyie. mama yenu siku yake ya kuzaliwa alibaki chumbani na watoto wenu watano mmoja anatapika kwenye hiyo ndoo mnayochekea. baba yenu alizunguka mji kutafuta malimao barazani hakufika. mama yenu kaniambia mwenyewe nikamwambia usiwaambie watoto. leo nimewaambia

Mwajuma 20:14
Shikamoo Shangazi. Wallahi sikujua. Tuliporudi alikuwa anacheka.

Shangazi Tatu 20:19
marahaba. hukumuuliza

Hamisi 20:22
Shikamoo Shangazi. Mimi nilidhani Mama pomboo hawapendi tu.

Salum 20:23
Kaka, hapo nyamaza.

Mwajuma 20:40
Sawa. Basi hatukai nao. Wao wabaki kwenye nyumba yao ile ile ya Shangani, sisi tunapanga kwingine. Tunawakuta Forodhani Ijumaa magharibi, vijana wakijirusha baharini, yale makachu yao, tunakula urojo, tunakata keki, tunawaacha na yao. Saa mbili na nusu kila mtu kwake.

Zuhura 20:44
Na watoto? Wangu watatu, siwezi kuwaacha Tanga na mtu.

Mwajuma 20:45
Hilo la watoto tutaliangalia.

Zuhura 20:46
Mwaka 2015 tuliliangalia hivyo hivyo dada.

Salum 20:48
Mimi nawashika. Ila nilipwe urojo.

Zuhura 20:48
Wewe mwenyewe wa kushikwa.

Mwanaidi 21:05
Tangu asubuhi natafuta pa kuingilia. Baba jana kanipa elfu 26, nimkatie treni mbili, Jumatano tarehe 6 asubuhi. Nimeshakata. Mama kakaa dirishani.

Mwajuma 21:05
TAREHE SITA?

Mwanaidi 21:07
Ndiyo. Kasema maonyesho yanaanza tarehe mosi, watapita kwanza pale viwanja vya Nane Nane Mama anunue mbegu za mchicha, halafu waondoke kabla ya watu. Kaniambia nisimwambie mtu.

Mwajuma 21:08
Na kurudi?

Mwanaidi 21:08
Kanipa hela ya kwenda tu.

Mwajuma 21:10
Mwanaidi, haya si ungeyasema saa kumi na mbili asubuhi!

Mwanaidi 21:11
Dada ulikuwa kwenye sare.

Salum 21:12
Mzee anamwendea yule kijana. Anataka siku mbili za mazoezi 😂

Hamisi 21:15
Mimi kwa maoni yangu tumpe Mama cherehani yake, tuwaache waende.

Mwajuma 21:16
Hamisi!

Mwajuma 21:30
Nani atamuuliza Mama kama angependa tumkute kule? Kwa akili, asijue.

Mwajuma 21:42
Jamani?

Zuhura 21:43
Wewe ndiye mkubwa dada.

Mwajuma 21:43
Mimi atanijua kwa sauti.

Salum 21:45
Mwanaidi yuko naye nyumba moja.

Mwanaidi 21:45
Mimi nimeshakula yamini ya tiketi. Siongezi nyingine.

Zuhura 21:50
Shangazi, tunakuomba utuulizie 🙏🏽

Shangazi Tatu 22:04
nitampigia kesho nikishaswali alfajiri. sitamwambia mnakuja. nitamuuliza safari hii anakwenda na nani. atakavyojibu nitawaletea kama alivyosema

Mwajuma 22:06
Ahsante sana Shangazi. Basi wakati tunasubiri jibu, michango iendelee. Fundi anataka vipimo kesho.

Hamisi 22:15
Mimi situmi hata senti mpaka hesabu ya 2015 iwekwe humu ndani.

Joyce 23:10
Jamani samahanini, nilikuwa zamu tangu asubuhi, simu sijaishika. Wifi wazo zuri mno!! Nimetuma 380,000, yangu, ya Baba Junior na ya Junior. Thibitisha. Dera langu fundi aliachie kidogo hapo kifuani.

Hamisi 23:11
Joyce.

Joyce 23:11
Nini tena?

Mwajuma 23:12
Imeingia wifi 🙏🏽