Susan Kare alianzia kwenye karatasi ya grafu: je, njia hiyo bado inamfaa msanifu wa violesura?

Mchora_Mabango aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wa mliotangulia katika kazi ya kusanifu violesura, yaani kurasa, vitufe na alama ambazo mtu huzigusa kwenye simu au kompyuta.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilikulia katika karakana ya baba yangu huko Tanga, tukiandika kwa brashi mabango ya maduka na majina ya ngalawa, kisha nikasoma sanaa. Kwa miaka miwili sasa nimeajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za simu kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Kinachonisumbua ni kwamba nikipewa kazi asubuhi, jioni natakiwa niwe na kurasa kumi zilizokamilika. Kwa hiyo nafungua programu ya kuchorea kabla sijafikiri, nachukua ikoni, yaani vile vijipicha vya kugusa, za bure zilizochorwa na wengine, nazipanga, nabadilisha rangi, basi. Juzi mteja aliniuliza kwa nini alama ya kutafuta ina umbo lile, nikakosa la kumjibu. Nilipokuwa naandika bango la kinyozi nilijua sababu ya kila mkunjo wa herufi, kwa kuwa baba alinivusha barabara na kunisimamisha ng'ambo nitazame kama linasomeka.

Nimesoma habari za Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh ya kwanza, kompyuta ya kampuni ya Apple, akianza na daftari la grafu. Je, njia yake bado inafaa leo, wakati skrini zina mamilioni ya pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha? Na je, mtu aliyeingia kupitia mlango wa sanaa anaweza kudumu katika kazi hii hadi uzeeni?

Bi_Sanifu alijibu:

Mdogo wangu, karibu sana. Nimefanya kazi hii kwa miaka 17, na mwanzoni niliandamwa na maswali hayohayo, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa urefu.

Nianze na swali lako la pili, maana Kare mwenyewe ndiye jibu lake. Alizaliwa Ithaca, New York, mwaka 1954, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1978, kisha akafanya kazi katika makumbusho ya sanaa ya San Francisco. Hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo. Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu sekondari ambaye alikuwa akiandika programu za Macintosh, alipompigia simu, Kare alikuwa akiunganisha vyuma kutengeneza sanamu ya nguruwe kwa ajili ya makumbusho moja ya Arkansas. Alijiunga na Apple mapema mwaka 1983, na Macintosh ikazinduliwa tarehe 24 Januari 1984. Baada ya hapo alikwenda NeXT, kampuni nyingine ya kompyuta, akachora ikoni za Windows 3.0 iliyotoka mwaka 1990 pamoja na karata za mchezo wake wa Solitaire, akachora zawadi ndogondogo za Facebook kuanzia mwaka 2007, akaingia Pinterest, mtandao wa kukusanya picha, mwaka 2015. Michoro yake ya daftarini imo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 ya kazi kwa mtu aliyeingia kupitia mlango uleule ulioingilia wewe.

Sasa nije kwenye daftari. Ikoni ya Macintosh ilikuwa na upana wa pikseli 32 na kimo cha pikseli 32, nyeusi na nyeupe tu, bila kijivu. Kare alipoanza hapakuwa na programu ya kuchorea ikoni, kwa hiyo alinunua daftari la grafu lenye miraba midogo na kuifanya kila miraba 1,024 kuwa ikoni moja. Mraba uliojazwa ni pikseli nyeusi, ulioachwa ni nyeupe. Yeye mwenyewe ameifananisha kazi hiyo na michoro ya vijiwe na ushonaji wa kuhesabu nyuzi. Mimi niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu wa Lamu akidarizi kofia: anahesabu matobo kwanza, sindano baadaye, na ua halitoki nje ya hesabu hata kwa tobo moja. Ukiwa na miraba 1,024 tu huwezi kuficha wazo dhaifu nyuma ya kivuli na rangi. Ama pipa la taka linaonekana kuwa pipa, ama halionekani.

Kare amekuwa akieleza kwamba ikoni nzuri inakaribia alama ya barabarani kuliko picha ya kupamba. Wewe uliyesimamishwa ng'ambo ya barabara na baba yako umekwisha kulielewa jambo hilo kuliko wengi waliosoma darasani. Na hakuona haya kutafuta alama iliyokwisha kuwepo: Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipolalamika kwamba nembo ya Apple imejaa mno kwenye menyu, Kare alipekua kamusi ya alama akaikuta ile yenye vitanzi vinne pembeni, ambayo huko Sweden huonyesha mahali pa kuvutia wageni. Ndiyo iliyowekwa kwenye kitufe cha amri cha kibodi za Apple na ipo hadi leo. Kwa hiyo kuchukua alama ya mwingine si kosa. Alichukua baada ya kutafuta, naye angeweza kueleza kwa nini ameichukua.

Usisahau herufi pia, kwa kuwa wewe ni mtu wa herufi. Alichora fonti za Chicago, Geneva na Monaco pikseli kwa pikseli. Katika Chicago kila herufi ilipewa upana wake, ili i isichukue nafasi sawa na m kama kwenye taipureta. Chicago ilikuwa fonti ya menyu mwaka 1984, na mwaka 2001 ikaonekana tena kwenye kioo kidogo cha iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki.

Ushauri wangu ni huu: nusu saa ya kwanza ya kila kazi usiwashe kompyuta. Chora kwenye grafu, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua sita.

Fundi_Menyu alijibu:

Nakubaliana na Bi_Sanifu kwa sehemu kubwa, na namshukuru kwa maelezo yake. Naongeza jambo ambalo nahofia litapotea tukimtukuza sana mchoraji: ikoni haifanyi kazi peke yake, na wakati mwingine ikoni nzuri hubebeshwa kazi mbaya. Pipa la taka la Macintosh lilieleweka mara moja, lakini ili diski itoke kwenye mashine mtumiaji alitakiwa aiburute hadi kwenye pipa hilo hilo. Watu waliogopa, na walikuwa na haki, kwa sababu kila walichoambiwa na ule mchoro ni kwamba kinachoingia humo kinatupwa. Mchoro haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kitendo kilichofichwa nyuma yake.

Mwaka jana nilikuwa najaribu programu ya kuweka hesabu za biashara, nikaketi kwenye benchi la mama lishe mmoja Kariakoo. Mikono yake ilikuwa na unga, hivyo alikuwa akigusa kioo cha simu kwa kifundo cha kidole cha mwisho. Nilimwomba atafute deni la mteja fulani. Alipita juu ya alama ya kutafuta mara tatu bila kuigusa. Nilipomuuliza ile ni alama ya nini, alijibu bila kusita kwamba ni kikaango. Duara na mpini: hakukosea. Jioni ile niliongeza neno "Tafuta" kando ya alama na kukuza kitufe kikatosha kifundo cha kidole, na siku ya pili hakuniuliza kitu.

Ndiyo maana nasema maneno ni sehemu ya usanifu, nayo kwa Kiswahili yana mambo yake. Niliwahi kukuta dirisha linalouliza "Unataka kughairi muamala?" na chini yake vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Ukigusa "Ghairi", umeghairi muamala au umeghairi kughairi? Tulibadilisha tukaandika "Usitume" na "Endelea kutuma", na malalamiko yakakoma. Kitenzi chetu hubeba mengi katika neno moja, na kitufe kinahitaji hasa hilo. Lakini kitenzi hichohicho huwatega waandishi wa programu: wanaandaa sentensi moja yenye pengo na neno "imetumwa", halafu mashine inajaza pengo. Matokeo yake mtumiaji anasoma "Pesa imetumwa", ambayo wengi wataipokea, kisha "Ujumbe imetumwa", na anahisi kwamba aliyetengeneza chombo hiki si mtu wa kwao. Msanifu anatakiwa adai sentensi kamili kwa kila ngeli: ujumbe umetumwa, pesa zimetumwa.

Ukitaka shule ya ubanaji iliyo karibu nawe zaidi kuliko Macintosh, tazama menyu za simu za kutuma pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mamilioni ya watu huitumia kwenye simu za vitufe kupitia menyu zisizo na ikoni hata moja. Menyu ya kubofya nyota na reli haizidi herufi 182 kwa ukurasa mmoja, nafasi zikihesabiwa. Humo ndani inabidi uweke orodha nzima, namba za kuchagua, na njia ya kurudi nyuma. Zile kurasa zinazoonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri ni kiolesura bora kuliko vingi vyenye rangi, kwa sababu zinampa mtu nafasi ya kutambua kosa lake kabla pesa hazijaondoka.

Mchora_Mabango aliandika tena:

Nawashukuru sana, dada na kaka. Wiki tatu zimepita, nami nimerudi kueleza nilichofanya.

Nilimwomba msimamizi wangu anipe ukurasa mmoja tu wa kufanya kwa namna hii, ule wa madeni, na alikubali. Ikoni iliyokuwepo ni mfuko wenye alama ya fedha. Niliwaonyesha wenye maduka watano, na watatu walisema ni zawadi au mshahara. Nikaenda dukani kwa jirani nikatazama deni linavyoandikwa kwa kweli: daftari la kaunta, limechakaa pembeni, na kalamu imefungwa kwa uzi ili mteja asiondoke nayo. Nikalichora kwenye grafu, miraba 32 kwa 32. Nilifuta mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Nilipowaonyesha wale watano, wanne walisema "daftari la madeni" kabla sijamaliza kuuliza, na wa tano alisema "daftari". Chini yake nimeandika "Madeni", kama alivyoshauri Fundi_Menyu.

Nimebakiwa na tatizo moja. Ule uzi wa kalamu ndio uliowachekesha na kuwafanya waitambue haraka, lakini ikoni ikipunguzwa hadi pikseli 24 uzi unageuka vumbi. Baba ameitazama kutoka upande wa pili wa chumba akasema anaona daftari na uchafu.

Bi_Sanifu alijibu:

Hongera, mdogo wangu. Msikilize baba. Chora ikoni mbili: kwa 32 uache uzi, na kwa 24 uchore upya tangu mwanzo bila uzi, kalamu ikiwa imelala juu ya daftari na unene wa pikseli mbili. Usiipunguze ile kubwa kwa mashine. Ukimaliza ziweke zote mbili hapa tuzitazame.