Naomba ushauri: msumeno wa kukatia kuni safarini

Wakuu habari zenu, niko Mwanza, mimi na washkaji huwa tunabeba mabegi mgongoni tunavuka na kivuko mpaka Ukerewe, tunatembea kwa miguu na kulala kwenye mahema, sasa nataka msumeno mdogo wa kukatia kuni maana panga ni zito halafu kwenye tawi kavu linaruka ruka tu, usiku ni hatari kabisa.

Kuna ule wa kukunja Bahco Laplander, bleidi sentimita 19, mwepesi, ila kwa gogo nene naona utasugua mpaka kuche. Silky Gomboy wa sentimita 24 unakata ukivuta, sasa ukiusukuma kwa nguvu si bleidi inapinda? Wa fremu unakata haraka lakini kuubeba ni shughuli.

Sisi tunaokota matawi makavu yaliyoanguka, mti mbichi hatugusi, na kuni za chai na kuchoma sato hazizidi unene wa mkono, kwa hiyo moyo wangu uko kwa wa kukunja.

Mliotumia, meno yakiisha makali yananoleka kwa tupa ya kawaida au ndo unanunua bleidi mpya? Na hapa mjini niulizie wapi, maduka ya vifaa vya ujenzi naona wana misumeno ya kukatia mbao tu. Natanguliza shukrani.