Tupeane uzoefu: nani anatazama stetasi yako bila wewe kujua?

Wakuu, naanza na yangu. Mama alipolazwa nilipiga picha mkono wake, sindano ya dripu imebandikwa plasta, nikaitupia kwenye stetasi ya WhatsApp. Kichwani mwangu nilikuwa naongea na marafiki. Mama mdogo akapiga simu analia: "Yaani dada yangu amelazwa, mimi naona kwenye simu kama mpita njia?" Kufungua orodha ya waliotazama, watu 41. Wateja, mwenye nyumba, fundi wa zamani, wote namba zao nilizihifadhi mwenyewe. Nikakimbilia kubadilisha faragha, kumbe mabadiliko hayagusi stetasi iliyokwisha kupanda. Usipoifuta, inabaki kwa walewale mpaka saa 24 ziishe.

Ninyi yamewakuta yapi?

Mama Wawili: Pole sana, na mama apate nafuu. Mimi yangu ni ya mtu niliyeachana naye. Kila asubuhi nilikuwa natafuta jina lake kwenye orodha. Lilipopotea nikajua amenisahau, nikaanza kutupia kila kitu. Siku tumekutana ananiuliza, "Goti la mtoto limepona?" Goti! Niliganda. Hakuacha kutazama hata siku moja, alizima tiki za bluu tu. Ukizizima, jina lako halitokei unapotazama za wengine, na wewe pia huoni wanaotazama zako. Kwa hiyo jina kutokuwepo si ushahidi kwamba mtu hajaona.

Kimyakimya: Mimi ni mmoja wa hao waliozima, na sina nia mbaya. Nilichoka kuulizwa "umetazama stetasi yangu, mbona meseji hujajibu?"

Binti wa Pwani: Instagram nako mjihadhari. Akaunti ikiwa wazi, hata asiyekufuata anatazama stori. Mimi naweka za familia kwa Marafiki wa Karibu, lakini mmoja wao alipiga picha ya skrini akaisambaza, na sikupata taarifa yoyote. Iliniuma kwa sababu nilimchagua mwenyewe.

Mwanzisha mada: Mama Wawili, hilo la tiki nilikuwa silijui, asante. Jana usiku nimekaa nikachagua mmoja mmoja wa kuona stetasi zangu, wamebaki 17. Mama mdogo nimemuweka wa kwanza. Ila mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama mdogo nilimpigia simu.