Kati ya Beretta, Browning na Baikal: bunduki moja kwa visahani na kwa kanga

Mkaaji wa Katuba
Wakubwa na ndugu wa Lubumbashi, kibali changu kimetoka baada ya kungoja muda mrefu, na sasa nataka kununua bunduki moja tu ya kalibre 12, yenye mitutu miwili iliyopandana. Itanitumikia Jumapili tunapolenga visahani vya udongo katika shamba la shemeji yangu kwenye njia ya Kasenga, na itanifaa pia kwa kanga na kwale msimu unapofunguliwa. Nimeonyeshwa Beretta Silver Pigeon, Browning B525 na Baikal IZh-27, na bei ya hiyo ya tatu haifiki nusu ya hizo mbili. Kwa sasa natumia bunduki ya marehemu babu, ya Kibelgiji, yenye mitutu sambamba, ambayo bado inapiga vizuri kwa kartushi za kawaida. Naomba ushauri wenu.

Mlengaji wa Makomeno
Ndugu, chukua Beretta wala usisite. Ukoo huo wa Gardone Val Trompia, Italia, ulilipwa na ghala la silaha la Venice kwa mitutu 185 mwaka 1526, na hadi leo haujaacha kazi hiyo. Lakini sikushauri kwa sababu ya umri wake. Ifungue uitazame: mitutu ya Silver Pigeon hujizungusha juu ya vishikizo viwili vidogo vilivyo ubavuni, na hufungwa kwa pini mbili zinazoingia kandokando ya mtutu wa juu, kwa hiyo chini ya mitutu hakuna chuma kingi. Sanduku la mtambo linakuwa jembamba, mkono wako unakaa karibu na mstari wa risasi, na teke lake linakuja begani moja kwa moja badala ya kuinua pua ya bunduki juu. Browning hufungwa chini ya mitutu, kwa hiyo sanduku lake ni refu zaidi kwenda chini. Kuhusu Baikal, nitasema wazi: hiyo ni bunduki ya majangili, na mlengaji wa visahani hana haja nayo.

Papa wa Kipushi
Mlengaji, umri wangu unakukataza kuniita jangili. Nimebeba Baikal miaka 22, na kila msimu nimekuwa na kibali cha kuwinda, kama sheria ya 28 Mei 1982 inavyodai. Sijawahi kufyatua risasi usiku kwa tochi, wala sijamgusa mnyama aliyekatazwa. Jangili hutambulikana kwa tendo lake, si kwa chuma alichonunua kwa jasho lake. Tena jua kwamba bunduki hizo za Baikal, zinazoundwa Izhevsk nchini Urusi, ziliuzwa hata Marekani na kampuni ya Remington, kwa jina la Spartan, na Wamarekani hawakuzinunua ili kuiba swala. Ni nzito, nakubali, na kifyatulio chake ni kigumu. Kwa visahani uzito huo ni msaada, kwa sababu bunduki ikishaanza kufuata kisahani haisimami njiani.

Mlengaji wa Makomeno
Papa, sikukutaja wewe, nami naomba radhi ikiwa neno langu lilikuchoma. Nilisema ninachokiona mikononi mwa watu vijijini.

Papa wa Kipushi
Unachokiona vijijini, mara nyingi ni magobore ya kutengenezwa kwa mabomba. Tofautisha vitu hivyo kabla ya kuandika.

Dada wa Kampemba
Naomba tumrudie muulizaji. Kabla ya kuchagua chapa, na asimame mbele ya kioo, ahakikishe kwa macho yake kwamba bunduki haina kitu, afumbe macho, ainue kitako hadi shavuni na begani, kisha afumbue. Jicho lake la kulia likionekana limekaa katikati, juu kidogo ya uti wa mtutu, yaani ule utepe wa chuma wa kulengea, bunduki hiyo imemkubali. Likiwa limezama nyuma ya chuma au limepotoka upande, basi hata bunduki ya mashindano kama Perazzi MX8, iliyoundwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, itampigia pembeni. Nilinunua bunduki ya chapa nisiyoitaja kwa kuvutiwa na nakshi zake. Kitako chake kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, na nilikosa visahani mwaka mzima, hadi seremala alipokipunguza kwa upana wa vidole viwili.

Mpenzi wa Herstal
Nashangaa hakuna anayeitetea Browning. Bunduki ya mitutu iliyopandana ambayo nyote mnaisifu ilipata umbo lake kwa John Moses Browning. Yeye alifariki mwaka 1926 akiwa kazini kiwandani Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, na mwanawe Val ndiye aliyeendeleza kazi hiyo. Ile pini pana iliyo chini ya mitutu, ambayo Mlengaji anaiona kuwa kasoro, ndiyo inayobeba kazi ya maelfu ya kartushi bila kulegea.

Mlengaji wa Makomeno
Hiyo ilikuwa ya Herstal. B525 aliyoonyeshwa ndugu yetu imeundwa na Miroku, Japani.

Mpenzi wa Herstal
Na Miroku wana dhambi gani? Kazi yao ni safi, na chuma chao hakina lawama. Unatafuta neno la kuangusha kila bunduki isiyokuwa yako.

Fundi wa Kamalondo
Nawasikitikia, kwa sababu mnabishana juu ya bunduki ambazo bado ziko dukani, na mmeiacha ile iliyo nyumbani. Ndugu wa Katuba, kartushi hizo unazoziita za kawaida zina urefu gani? Na chemba za bunduki ya babu, yaani pale kartushi inapokaa mwanzoni mwa mtutu, zina urefu gani?

Mkaaji wa Katuba
Kartushi ni za milimita 70, Fundi. Zinaingia bila kusukumwa, na bunduki inafungika vizuri. Nadhani hilo linatosha.

Fundi wa Kamalondo
Halitoshi hata kidogo, na nakusihi usifyatue tena. Urefu unaoandikwa kwenye sanduku ni urefu wa kartushi iliyokwisha kupigwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa kama nyota, na kartushi ni fupi, ndiyo maana ile ya 70 huingia kwa urahisi katika chemba ya 65. Ukifyatua, mdomo unafunguka mahali ambapo mtutu umeshaanza kuwa mwembamba, marisau yanalazimika kupita katika njia iliyobanwa, na nguvu ya gesi inapanda. Mkono wako wa kushoto uko hapo hapo juu yake. Toa mitutu, igeuze, pangusa mafuta ya zamani, kisha soma alama za Liège, zinazopigwa mitutu ikishajaribiwa huko. Tafuta 12-65 au 12-70. Tafuta pia simba mdogo juu ya herufi PV, ambaye ni ushahidi kwamba mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Papa wa Kipushi
Fundi amesema neno la mzazi. Msikilize, mwanangu.

Mkaaji wa Katuba
Nimetoa mitutu usiku huu na kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini yake kuna duara la yai lenye herufi ELG na taji juu yake, kuna namba nisizozielewa, na kuna 12-65. Simba hayupo. Nimeigeuza chini ya taa mara nne, na mke wangu ametazama pia. Bunduki nimeifungia kabatini, na kartushi nimeziweka chumba kingine. Jumapili nitasimama tu kuwatupia wenzangu visahani. Dada wa Kampemba, kioo tulichonacho ni kidogo. Je, jaribio lako linaweza kufanywa dukani kabla ya kulipa?

Mlengaji wa Makomeno
Linaweza, na anza na Beretta.

Papa wa Kipushi
Na aanze na yoyote apendayo. Mimi bado nangoja ufute lile neno la majangili.